Mzohali Hasemi Kiswahili

Neno nililolifuta lilikuwa na herufi tano. Nililifuta asubuhi, chai ya tangawizi ikiwa mkononi, na nikajisifu kuwa nimefanya kazi safi.

Kazi yenyewe ilikuwa katika jarida la Marudio, ghorofa ya pili, Ganjoni, juu ya duka la kukata vioo. Tulikuwa wawili tu. Mimi, Mbodze, nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na shahada ya isimu ya Kiswahili. Mzee Kyalo alikuwa mhariri, msambazaji na mfagiaji. Alikaribia miaka sitini, na tangu utoto wake katika nyumba za reli kuna kitu kimoja alichokipenda bila kuchoka: Kikosi cha Zohali, tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa kila Alhamisi jioni katika miaka ya sabini. Watu wa Mombasa ya mwaka 2076 wanapanda chombo cha anga, wanafika sayari ya Zohali, wanakutana na wenyeji wenye vichwa virefu kama mabiringani.

"Chombo kilikuwa karatasi ngumu na bati la kuokea mkate," aliniambia siku ya kwanza. "Ungekiona kinavyotikisika! Na sisi tulikiamini, mwanangu. Tulikiamini kabisa."

Kanda za tamthilia hiyo hazipo tena. Mechi za mpira zilirekodiwa juu yake. Kilichobaki ni katuni zake, zilizochorwa na mtu mmoja aitwaye Joab kwa gazeti la kila Jumatano lililokuwa likichapishwa hapa Mombasa. Joab alikuwa mchoraji wa ramani katika reli, mtu wa bara, na mistari yake ilinyooka kama njia za treni. Sisi tulikuwa tunazichapisha upya katuni hizo, kurasa nane kila mwezi.

Zilitufikia ndani ya sanduku la bati. Aliyelileta ni mpwa wa Joab, Trizah.

"Mjomba alizama huku kwenu Mombasa, Agosti sabini na sita," alisema, akiwa bado amesimama mlangoni. "Alikutwa Jumamosi, majini, karibu na Liwatoni. Hakuwa mtu wa kuogelea, hata hatujui alifuata nini huko. Nyanya hakutaka sanduku lifunguliwe. Sasa nyanya hayupo."

Nilianza kazi. Nilipiga kila ukurasa picha kwa skana, nikaondoa madoa ya ukungu, nikaandika upya maneno yaliyoliwa na unyevu. Ili maneno yafanane, nilikusanya herufi za Joab moja moja nikaziingiza katika kompyuta: J yake iliyojikunja kama ndoana, S yake yenye mgongo bapa. Baada ya miezi mitatu nilikuwa naweza kuandika lolote kwa mkono wa marehemu. Nilidhani hilo ni jambo zuri. Nilidhani ni namna ya kumheshimu.

Wazohali walikuwa na viputo vyao vya maneno, vyenye mstari maradufu, na lugha yao wenyewe isiyoeleweka. Kila toleo Mzohali mmoja aliinua kidole akasema maneno machache: ASA MIKU, au MENGO, au SHOKE. Salamu yao ilikuwa KONI PAHA. Mimi na Mzee Kyalo tuliizoea hata tukawa tunapigiana hodi nayo. Anafungua mlango na mfuko wa viazi karai: "Koni paha!" Nami najibu, "Koni paha, Mzee, karibu."

Ukurasa wa mwisho sandukuni haukuwahi kuchapishwa. Pembeni, kwa penseli, Joab alikuwa ameandika: Jumatano, 18 Agosti 1976. Mzee Kyalo alikumbuka kwamba gazeti lilifunga milango wiki hiyo hiyo. Picha ilikuwa moja tu, imejaza ukurasa. Mzohali amesimama peke yake katika mlango wa chombo, ameinua mkono, kiganja kikitutazama. Nilifikiri anatuaga. Katika kiputo:

JEUSI. AIJUMA. NILIWATO. ASA MIKU.

"Mzee, njoo uone," nilisema. "Hili ni neno la Kiswahili. Jiwe jeusi, koti jeusi. Limeingiaje hapa?"

"Labda aliishiwa maneno ya Zohali."

"Mzohali hasemi Kiswahili. Ni kosa la mwandishi."

"Na hilo 'niliwato'? Si linaanza kama niliwaona, niliwaita?"

"Linaanza hivyo, lakini hakuna kitenzi hicho. Hilo halina neno. Jeusi ndilo linaloharibu."

"Wewe ndiwe msomi," akasema, akilamba chumvi ya viazi vidoleni. "Futa. Nina wasomaji sita wanaonipigia simu kwa kila kosa, na wote wamestaafu, hawana kazi nyingine."

Nikafuta. Nikayasogeza maneno matatu yaliyobaki katikati ya kiputo, yakakaa vizuri.

*

Toleo lilitoka Jumatatu. Jumanne simu ya ofisi ililia.

"Assalamu alaikum." Sauti ya mzee wa kiume, nzito, ya mtu asiyezoea simu.

"Wa alaikumu salaam, Mzee. Jarida la Marudio hapa."

Nilisikia pumzi yake, na mbali nyuma yake muuza kahawa akigonga vikombe.

"Ni Ijumaa hii?" akauliza.

Kila Ijumaa Mzee Kyalo hupeleka nakala kwa muuzaji wa vinyago mbele ya Ngome ya Yesu, na wazee wa Mji wa Kale hununua pale. Nikajibu kwa furaha, "Ndiyo, Mzee, Ijumaa hii hii. Usikose."

"Nani amekuambia uandike?"

"Samahani, Mzee?"

Alikuwa amekata.

"Mmoja wa wale sita," alisema Mzee Kyalo nilipomwambia. Lakini alikuwa anawajua wote kwa sauti, na nilipomwigia sauti ya huyu, hakumtambua.

Jumatano akaja mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, kanga mabegani, kikapu mkononi.

"Hodi! Hapa ndipo mnapoandika majini?"

"Ni Wazohali, dada, si majini."

"Wenye vichwa vile? Haya, kama si majini basi ni ndugu zao." Alicheka, akakaa bila kungoja kiti. Alijitambulisha kuwa Kasyoka, mfanyakazi wa Bi Swafia, mama wa miaka sabini na mmoja huko Mji wa Kale, magoti mabovu, hajashuka ngazi mwaka mzima. "Jarida nililinunua mimi juzi sokoni, kwa pesa yangu, nicheke kidogo nikichambua mchele. Akaniona nalo, akaliomba. Hajanirudishia. Jana amelia nalo kutwa. Leo ananipa hii, anasema nipeleke mahali lilipoandikwa."

Kilikuwa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Maneno yaliandikwa kwa wanja, kwa herufi za mkono unaotetemeka:

BUJOA. KOU IHA?

Msomaji, mama mzee, ametuandikia kwa Kizohali! Nilimwonyesha Mzee Kyalo, naye akavua miwani akaifuta.

"Huyu lazima ajibiwe," alisema.

Nikakaa kwenye kompyuta. Sikujua Kizohali zaidi ya salamu, basi nikaandika salamu, kwa herufi za Joab, nikaichapa katika karatasi nzito ya kifuniko:

KONI PAHA.

"Nimwambie imetoka kwa nani?" Kasyoka aliuliza.

"Mwambie imetoka Zohali," nilisema, na sisi watatu tukacheka.

*

Ijumaa, saa tisa na nusu mchana, Kasyoka aliingia bila hodi. Kanga ilikuwa imemtoka bega moja.

"Yuko hapa?"

"Nani?"

"Bi Swafia! Nimetoka sokoni, mlango wa chini uko wazi, juu hakuna mtu. Ngazi zile kashuka mwenyewe!" Akaketi, akasimama tena. "Ni ile karatasi yenu. Tangu aisome si mtu yule. Amenipigisha pasi buibui la zamani. Amepaka hina, mikono na miguu, kama biharusi. Namuuliza, Bi, kuna harusi gani? Ananiambia, nimeitwa."

"Ameitwa wapi?"

Kasyoka alitoa jarida kikapuni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umezungushiwa wanja. "Alinisomea usiku wa jana. Anasema hawa majini wenu wanasema kinyume. Mkia unatangulia kichwa. Unachukua kipande cha mwisho cha neno unakiweka mbele. Anasema wasichana wa Mji wa Kale wote walikuwa wanasema hivyo mbele ya wakubwa."

Kwetu Kaloleni, utotoni, tulikuwa na mchezo wa kutia silabi katikati ya maneno ili wakubwa wasituelewe. Kugeuza hatukugeuza. Nikakitazama kiputo, nikakirudisha kila kipande mahali pake. Aijuma: Ijumaa. Niliwato: Liwatoni. Asa miku: saa kumi.

"Mungu wangu," alisema Mzee Kyalo polepole. "Mengo. Ngome. Shoke, kesho. Miaka mitatu ya katuni, kumbe mtu alikuwa anapanga miadi gazetini."

Nilichukua kipande cha Bi Swafia kutoka ubaoni nilikokibandika. Bujoa: Joabu. Kou iha: uko hai? Na mimi, kwa mkono wa mtu aliyezama kabla sijazaliwa, nilikuwa nimejibu: niko hapa.

Kisha nikalikumbuka lile neno la herufi tano. Je, u, si. U, si, je.

Usije.

Kile kiganja hakikuwa kinaaga. Kilikuwa kinazuia.

*

Kutoka Ganjoni hadi Liwatoni si mbali, lakini tuk-tuk ilikwenda kama inasukumwa. Mzee Kyalo alibaki karibu na simu. Kasyoka alimwambia dereva mara tatu kuwa kuna mgonjwa, na mara ya nne akamwambia kuwa mgonjwa atakuwa yeye dereva.

Kulikuwa na bamvua. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, mazito, ya rangi ya chuma. Tuliwapita wavuvi waliokuwa wakigonga mashua iliyopinduliwa, tukapita chumba cha barafu na mngurumo wa mashine zake, tukafika kwenye ngazi za zamani za mawe ambazo hakuna anayezitumia tena. Mzee mmoja mwenye kofia na bakora alikuwa amesimama kivulini mwa ukuta. Nilidhani anangoja samaki.

Bi Swafia alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu. Chini yake hakukuwa na ngazi tena, ni maji, na kila wimbi dogo liliramba ncha za viatu vyake. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, hina mbichi bado, nyekundu.

Kasyoka alitaka kumkimbilia. Nilimshika mkono, mawe yalikuwa na ukijani wa utelezi. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, hadi nikaketi nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Swafia."

"Marahaba." Hakugeuka. "Wewe nani? Yeye yuwapi?"

Nimefikiria mara nyingi ni nini ningeweza kusema. Ningeweza kusema ameshindwa kuja. Angeamini, alikuwa amekwisha kuamini makubwa kuliko hayo. Lakini nilikuwa nimeandika maneno yasiyo yangu mara mbili, na sikutaka kuandika ya tatu.

"Naitwa Mbodze. Mimi ndiye niliyejibu karatasi yako, Bi. Koni paha ni mimi niliandika. Sikujua maana yake. Nisamehe."

Alivuta buibui mabegani.

"Na ukurasa ule? Ukurasa ule ni wake. Naujua mkono wake."

"Ni wake. Lakini haukuwahi kutoka. Gazeti lilifungwa. Na kulikuwa na neno mbele ya Ijumaa, nikalifuta kwa kuwa nilidhani ni kosa."

"Neno gani?"

"Jeusi."

Midomo yake ilisogea bila sauti. Niliiona ikiligeuza lile neno, mara moja, mara mbili.

"Alinikataza," alisema.

"Ndiyo, Bi."

"Wiki ya nyuma yake alikuwa ameniita hapa. Ijumaa, saa kumi. Nikangoja gazeti la Jumatano, nione kama kumebadilika kitu. Halikuja." Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, lakini yalinishika. "Yu hai?"

"La, Bi. Alizama. Alikutwa hapa Liwatoni, Jumamosi, siku ya pili yake."

Hakulia. Aliyatazama maji kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa naye muda mrefu bila kumjua jina.

"Swafia," sauti ilisema juu yetu. "Inuka. Maji yanapanda."

Niliijua sauti ile kabla sijainua kichwa. Ilikuwa ya simu ya Jumanne. Yule mzee wa bakora alikuwa amesogea hadi ukingoni.

"Mzee Shee!" Kasyoka alishangaa. "Nilikuuliza pale mlangoni asubuhi, ukaniambia leo utashinda umelala!" Kisha akaninong'oneza: "Kaka yake. Anakaa chini, Bi anakaa juu."

"Nimemfuata," alisema Shee.

"Hukunifuata." Bi Swafia hakupaza sauti. "Nilipofika ulikuwa umekwisha simama pale ukutani. Nikajifanya sikuoni. Mato haya yamekufa, lakini bakora yako naijua mlio. Wewe umekuja kumngoja nani, Shee?"

Shee alihamishia bakora mkono wa pili.

"Kinyume alitufundisha mama, mimi na wewe, juu ya mkeka mmoja. Mimi nikadhani wanaume hawasomi katuni." Alivuta pumzi. "Uliniambia amerudi kwao bara. Uliniambia ameoa. Mtu aliyeoa bara, wewe waja kumngoja majini?"

"Swafia, kuna watu."

"Nawaona. Nawataka." Aliinua mkono wenye hina akaupeleka kwangu, nikaushika. Ulikuwa baridi. "Ijumaa ile ulifunga mlango wa chini, ukaondoka na ufunguo. Ulirudi magharibi, kanzu imeroa mpaka kifuani. Nikakuuliza, ukasema ni mvua. Mimi ndiye niliyeianika, Shee. Nikatoka uani na kanzu yako mkononi, na ua lilikuwa kavu. Sikuuliza tena. Alfajiri mkanipeleka Lamu kwa mume nisomjua, mpaka nikarudi mjane, na miaka yote hii sikujiuliza ile mvua ilinyesha wapi."

Nyuma yetu wavuvi walikuwa wameacha kugonga. Shee aliegemea bakora kwa mikono yote miwili. Kwa muda alionekana mzee sana, na nilimwonea huruma, halafu nikaiogopa huruma hiyo.

"Nilimwambia aondoke tu," alisema. "Hakutaka. Alisema hatoki mpaka wewe uje, akurudishe nyumbani mwenyewe, maana barua yake ya gazetini haikufika." Akalamba midomo. "Maji yalikuwa kama haya."

Akayapa maji mgongo. Hatukumuuliza zaidi.

Tulimpandisha Bi Swafia, mimi nikisukuma, Kasyoka akivuta. Juu kulikuwa na tuk-tuk moja tu, ile tuliyokuja nayo. Tukaingia sote, Shee mbele kando ya dereva, bakora katikati ya magoti yake. Tulielekea Mji wa Kale. Dereva aliona hina, akaona nyuso, akachanganyikiwa.

"Mwatoka harusini, mama, au msibani?"

"Msibani," Bi Swafia alimjibu.

Mlangoni alinivuta karibu. "Lirudishe neno langu," alisema. "Na Ijumaa ijayo uje, unisomee kurasa zake zote. Za zamani nazijua kwa moyo. Lakini nataka kuzisikia kwa mdomo wa mtu."

Shee alikuwa nyuma yake, ufunguo mkononi. Aliungoja mkono wangu uachie.

*

Nililirudisha neno siku hiyo hiyo. Nilikichukua kiputo cha Joab kama nilivyokikuta, sikugusa hata doa.

Mzee Kyalo alikuwa na wasiwasi. "Tutafanya nini, mwanangu? Karibu miaka hamsini. Utakwenda kituo cha polisi na katuni mkononi?"

"Nitakwenda na Bi Swafia, akitaka. Kwanza nitakwenda kumsomea. Nimeahidi."

Alhamisi jioni Kasyoka alikuja. Safari hii hakuwa na kikapu. Alikuwa na mfuko wa nguo zake zote.

"Nimefukuzwa. Mzee Shee amenilipa mwezi mzima, akasema dada yake anataka kupumzika, nisirudi. Nikamwambia, niende nimuage. Akasimama mlangoni. Mlango ule, dada, hajawahi kuufunga mchana tangu nianze kazi. Leo umefungwa." Alifungua kiganja. "Nimesimama chini ya dirisha nikalia kwa nguvu ili anisikie. Akatupa hii."

Karatasi ilifungwa kwenye bonge la uzi. Wanja ulikuwa umetapakaa, lakini ilisomeka.

JEUSI. AIJUMA.

Safari hii nilikuwa najua kusoma. Nililisoma mara nyingi usiku ule. Nilimwona Joab mezani kwake na rula na wino, akichora kiganja kile kwa makini ili mtu mmoja tu katika mji mzima akae nyumbani salama; halafu gazeti halikutoka, naye akaenda mwenyewe, peke yake, na hakumwambia yeyote anakwenda wapi. Bi Swafia naye alikuwa ananifanyia lile lile alilofanyiwa. Alikuwa ananilinda.

Asubuhi nilimwandikia Trizah kila kitu, na mahali tunapokwenda, na saa. Kisha nikatia sanduku la bati katika mfuko wa kubebea nguo. Mzee Kyalo alikuwa amesimama mlangoni, shati jipya, kama mtu anayekwenda kanisani.

"Amesema tusije," nilimwambia.

"Amekuambia wewe usije. Mimi sijaandikiwa."

Kasyoka alitungoja kwenye kona ya duka la kahawa. Tulifika nyumbani kwa Bi Swafia saa kumi kamili. Uchochoro ulikuwa mtupu. Hata paka hawakuwapo barazani. Mlango ulikuwa wa zamani, mzito, misumari ya shaba imekolea rangi ya chai.

"Hodi," niliita.

Juu, pazia la dirisha lilikuwa limefungwa.

"Hodi!"

Kitu kilisogea ndani, chini, karibu na mlango. Bakora iligonga sakafu mara moja, ikatulia.

"Hodi!"

Kila mtu wa pwani amelelewa hivyo: hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuka, unakwenda zako, wala hukasiriki. Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kufunga viatu. Mzee Kyalo alinitazama. Kasyoka alikuwa ameshika kanga yake mdomoni.

Niliweka sanduku chini, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote, ya nne:

"Hodi, Bi Swafia!"

Pazia lilitikisika. Sauti ilikuwa nyembamba, ilitoka mbali ndani ya chumba, lakini uchochoro ulikuwa kimya na tuliisikia sote.

"Koni paha."

Nyuma ya mlango, polepole, komeo lilianza kuvutwa. Mzee Kyalo alinisogeza nyuma yake. Nami nikarudi nikasimama ubavuni pake.